Tairodi za Shehena ya Arobaini

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote, na ukiiona kwenye ramani ujue ramani hiyo imekosewa. Watu wake ni wema na viongozi wake ni wema zaidi. Kama humu ndani utamwona mtu unayemfahamu, mwambie asikasirike. Hata mimi nilijiona, na nilinyamaza.

Kazi yangu ni mwandishi wa historia ya kiwanda. Nilipewa kwa sababu ya mwandiko wangu, ambao ni wa duara na unainama kidogo kulia. Kiwanda chetu cha taifa kinatengeneza vipuri vya usukani na vya chini ya gari: tairodi, bol jointi, bushi, shokapu na springi. Kilipokaribia kutimiza miaka hamsini, Mkurugenzi Mkuu, Dakta Filemoni Ngwalima, aliniita akaniagiza kitabu cha kurasa mia mbili, picha yake iwe kwenye ukurasa wa kwanza, wa mia na wa mwisho. Niliandika kurasa zote. Zilizokubaliwa ni zile tatu za picha. Sura hii unayoisoma Mkurugenzi aliifutia mikono baada ya kula kuku, kwa hiyo nimeiandika upya.

Kiwanda kilianza na mgeni mmoja aliyekuwa na karakana ya majembe. Alipoondoka baada ya uhuru, aliacha mashine tano, mbwa mmoja na Fundi Sengondo. Mbwa alikufa mwaka uleule. Fundi Sengondo akazifungua zile mashine, akazifunga tena kwa namna yake, na mwaka wa tatu akatoa tairodi ya kwanza ya nchi yetu.

Kwa wasiojua, tairodi ni fimbo fupi ya chuma yenye kichwa cha mviringo mwishoni. Ndiyo inayounganisha usukani na gurudumu. Ikiwa nzima, dereva akikata kulia gari linakwenda kulia. Ikikatika, dereva anakata kulia peke yake.

Fundi Sengondo alikuwa na desturi moja. Katika kila tairodi mia alifumba macho akaokota moja, akaifunga kwenye mashine ya kuvuta, akaivuta mpaka ikatike. Tairodi nzuri ilikatika kwenye tani tatu na zaidi. Aliandika uzito huo ukutani kwa chaki, akaviokota vipande viwili, akaviambia "Ahsante", akavitupa kwenye pipa. Wanafunzi wake walicheka. "Chekeni," alikuwa akisema. "Huyu amekufa ili wenzake tisini na tisa wasiue mtu." Mwanafunzi wake wa mwisho, msichana aliyeitwa Eliwaza Mkwizu, hakucheka. Sengondo alipofariki, yeye ndiye aliyerithi chaki.

*

Vipuri vya miaka hiyo vilikuwa vizuri mno, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Vilikaa kwenye magari miaka sita, saba, bila kuchakaa, na maghala yakafurika. Baraza la Mawaziri lilikaa siku tatu kumtafuta mchawi. Siku ya tatu Mheshimiwa Mpondela, Waziri wa Viwanda, akampata.

"Ndugu zangu," alisema, "adui wa kiwanda chetu ni lami. Barabara ikiwa laini kama shavu la mtoto, bushi itachakaa wapi? Shokapu itapata wapi kazi? Sisi kama Serikali hatuwezi kukaa kimya huku barabara zetu wenyewe zikihujumu viwanda vyetu wenyewe."

Walipiga makofi, na Sera ya Mashimo ikapita. Wizara ya Barabara ilikatazwa kuziba shimo lolote lililofikia kina cha sufuria ya ugali wa watu sita. Mashimo yakaandikishwa, yakapewa namba, na yale makubwa yakawekewa walinzi wenye sare. Mzee mmoja wa milimani aliyejaza kifusi shimo la mbele ya nyumba yake alifungwa miezi minne kwa uhujumu. Kabla ya kupelekwa jela alilazimishwa kulichimba upya, ofisa mmoja akiwa amesimama pembeni na rula.

Vipuri vikaanza kutoka kama maandazi ya asubuhi. Ndipo ikaonekana kwamba chuma chenyewe kinaagizwa nje. Mheshimiwa Mpondela aliona aibu, akaanzisha Kampeni ya Chuma cha Kizalendo. Malori yakapita kila wilaya kukusanya vitanda vya hospitali vilivyovunjika, kisha vitanda vya hospitali ambavyo havijavunjika, madawati, nondo za madirisha ya shule, masufuria, mabati ya mahakama na misalaba ya makaburini. Vyote vikaingia tanuru moja. Nilikuwapo siku lilipowashwa. Moshi wake ulinuka godoro lililokojolewa miaka ishirini, na mgeni rasmi alivuta pumzi ndefu, akafumba macho, akasema anasikia harufu ya maendeleo. Sisi tuliokuwa nyuma yake tukavuta pumzi pia. Mama mmoja wa masjala alitapika kwenye mkoba wake, akaufunga zipu, akaendelea kupiga makofi.

Tairodi ya kwanza ya chuma kile ilikatika kwenye tani mbili. Ya mwezi uliofuata ilikatika kwenye moja na nusu. Eliwaza Mkwizu, ambaye sasa alikuwa Mkaguzi wa Ubora na mama mtu mzima, aliandika namba zote ukutani, moja chini ya nyingine. Siku moja Mkurugenzi alipitisha wageni mle ndani, nao wakauliza namba hizo zinazoshuka ni za nini.

"Ni miaka iliyobaki kufikia jubilei," alijibu Mkurugenzi.

Wageni walipoondoka aliunda kamati. Kamati ilikaa, ikala, ikachunguza, ikagundua jambo ambalo mafundi wote walikuwa hawajaliona: kabla ya kuvutwa, tairodi zote zilikuwa nzima. Zilizokatika zote zilikatikia mikononi mwa Mama Mkwizu. Isitoshe, Sheria ya Kulinda Mali ya Umma inasema wazi kwamba avunjaye kifaa chochote cha Serikali ni mhalifu, na haimtaji mkaguzi kwamba amesamehewa. Ikaamuliwa kwamba tangu siku hiyo ubora utakaguliwa kwa macho. Funika kombe mwanaharamu apite. Mashine ya kuvuta ikafunikwa kitambaa cha maua, ikawa meza ya chai ya wakubwa.

Nimekunywa chai juu ya meza hiyo mara nyingi. Ilikuwa na utando wa grisi, na kila mara niliomba kikombe cha pili, kwa sababu Mkurugenzi alikuwa ananitazama.

Jambo moja wageni walikuwa wakilisifu sana ni afya ya wafanyakazi wetu. Sote tulikuwa tukija kazini kwa miguu, hata wale wa mbali. Hakuna aliyetuagiza. Mkurugenzi peke yake alikuja kwa gari, nalo lilifungwa vipuri kutoka nje. Alitueleza kwamba si uungwana kiongozi kugombania bidhaa ya taifa na wananchi.

*

Shehena ya Arobaini ilikuwa ya jubilei: tairodi elfu mbili, kwa magari ya wagonjwa, ya shule na ya magereza. Zilipangwa mezani zikiwa zimepakwa rangi ya fedha, na Mheshimiwa Mpondela akaja kuzizindua. Aliinyanyua moja juu kwa mikono miwili.

"Wanaoitazama hii wanaona chuma," alisema. "Mimi naona hoja. Hii ni hoja iliyoshikika. Hoja yenye kichwa na shingo."

Alikata utepe, ngoma ikalia, sambusa zikapita. Kilichokuwa kimebaki ni saini ya Mkaguzi wa Ubora kwenye cheti, kwa sababu kanuni ya zamani ya Sengondo, kwamba shehena isitoke bila saini hiyo, haikuwa imefutwa. Waliisahau. Mama Mkwizu alikaa na kile cheti wiki nzima bila kukigusa.

Wiki ilipoisha akaja dereva mmoja kutoka kituo cha afya cha Gendeni, kule milimani. Jina lake Habibu Lugome, mtu mwembamba, mpole, mwenye kofia aliyoivua mlangoni na kuishika muda wote. Ilikuwa saa ya chai. Mkurugenzi alikuwapo, na mimi nilikuwapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Nimekuja kuchukua tairodi za gari la wagonjwa. Wanasema zinasubiri saini yako."

"Unateremka wapi nalo?"

"Mteremko wa Gendeni. Kona kumi na nane, na mashimo saba yenye namba."

"Unabeba nani?"

"Wajawazito, sanasana. Uzazi ukishindikana kule juu, nateremka nao hospitali ya wilaya." Alizungusha kofia mikononi. "Mama, mimi si fundi. Niambie tu, nifunge?"

Mama Mkwizu aliokota tairodi moja kwenye sanduku, akaipimapima kiganjani kama anayenunua kiazi. Kisha akaja kwenye meza yetu. Aliondoa vikombe kimoja kimoja, na cha Mkurugenzi alikiondoa kikiwa mkononi mwake. Akakivua kile kitambaa cha maua, akakikunja vizuri, akakiweka kitini. Akaifunga tairodi kwenye mashine, akawasha.

Sindano ya mizani ilipanda kidogo tu. Tairodi ikakatika kwa sauti ndogo, kama ya muwa. Alichukua chaki akaandika ukutani: kilo mia tisa. Aliviokota vile vipande, akaviambia "Ahsante", akamgeukia Lugome.

"Usifunge," alisema.

Mkurugenzi alikuwa na sambusa mdomoni. Aliimeza nzima nzima, macho yakamtoka machozi, akanyoosha kidole chenye mafuta.

"Mmeona wote," alisema. "Amevunja tairodi ya Serikali."

*

Kesi ilisikilizwa kwenye bwalo la chakula la kiwanda, kwa kuwa mahakama yenyewe haikuwa na mabati. Hakimu alikaa mahali pa kupakulia maharage. Mheshimiwa Mpondela alikuja kushuhudia haki, akapewa kiti chenye mto.

Mwendesha mashtaka alikuwa na hoja fupi. Tairodi ilitoka kiwandani ikiwa nzima, ikazinduliwa na Waziri ikiwa nzima, ikafika mikononi mwa mshtakiwa ikiwa nzima. Sasa ni vipande viwili. Nani mwingine?

"Mshtakiwa, una la kusema?" aliuliza Hakimu.

"Ninalo, Mheshimiwa Hakimu. Tairodi nzima haikatiki kwenye kilo mia tisa. Gari lenyewe lina tani mbili, na barabara ina mashimo."

"Kwa hiyo unasema tairodi ya Taifa ni mbovu?"

"Sisemi mimi. Imesema yenyewe."

Mkurugenzi akasimama, akakumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

"Basi lifanyike jambo dogo," alisema Mama Mkwizu. "Zimebaki tairodi elfu moja mia tisa tisini na tisa. Mkurugenzi achague moja mwenyewe, ifungwe kwenye gari la Mheshimiwa Waziri, na wote wawili wateremke Gendeni mara moja tu. Wakifika chini salama, nimekubali kosa."

Nakumbuka mto wa kiti ukitoa upepo Waziri alipohama upande mmoja kwenda mwingine. Alisema yeye binafsi yuko tayari, tena angependa sana, lakini gari lake ni mali ya umma na haliwezi kufanyiwa majaribio. Mkurugenzi akasema ana kisukari. Mwendesha mashtaka akasema hilo halimo kwenye hati ya mashtaka. Hakimu, ambaye hakuwa ameombwa kupanda, akasema na yeye ana kikao.

Alimhukumu Mama Mkwizu kifungo cha miaka mitatu. Hapo Mheshimiwa Mpondela akainuka, akatabasamu, akasema Serikali haina kinyongo. Kama mama huyu atatia saini cheti cha Shehena ya Arobaini, ataachiwa palepale, na atapewa na sare ya jubilei.

"Nikitia saini naenda nyumbani?" aliuliza Mama Mkwizu.

"Leo hii, mama."

"Na Lugome?"

"Lugome ndiye nani?" aliuliza Waziri.

Mama Mkwizu aliiweka kalamu juu ya cheti, akanyoosha mikono afungwe pingu. Dereva mwenyewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kofia yake, hatua kumi kutoka kwa Waziri.

*

Sasa nifike mahali ambapo mimi naonekana.

Cheti kilihitaji saini ya Mkaguzi wa Ubora, na Mkaguzi alikuwa anapandishwa karandinga. Mkurugenzi aliangaza macho bwaloni, yakatua kwangu.

"Wewe," alisema, "una mwandiko mzuri."

Niliteuliwa Kaimu Mkaguzi wa Ubora saa sita na robo. Saa sita na nusu nilitia saini. Nina mke na watoto wanne, na hiyo ndiyo sababu niliyojipa, kama anavyojipa kila mtu mwenye mke na watoto. Saini yangu ilikaa vizuri sana, karibu na doa la mafuta la kidole gumba cha Mkurugenzi. Nikilikumbuka lile doa nasikia kinyaa, halafu nakumbuka kwamba doa halikuua mtu, saini ndiyo iliyoua.

Lugome alikuja kuchukua sanduku lake.

"Mzee, umezivuta?"

"Nimezikagua."

"Kwa macho?"

"Kwa macho," nilisema, nikatazama pembeni.

"Nikikataa wataweka dereva mwingine," alisema, "naye zile kona hazijui." Akavaa kofia, akaondoka.

Ilichukua wiki tatu. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, kona ya kumi na moja. Ndani ya gari walikuwamo mjamzito ambaye uchungu wake ulikuwa umeshindikana, mama yake, muuguzi na Lugome. Gurudumu la mbele liliingia kwenye shimo namba mia nne na sita, likatoka, na Lugome akakata kulia peke yake. Upande wa kushoto wa kona ya kumi na moja kuna korongo. Mlinzi wa lile shimo aliandika taarifa yake siku hiyohiyo, akisema shimo halikupata madhara yoyote.

Ujumbe wa kiwanda ulifika mapema kuliko polisi. Nilikuwa mmoja wao. Tulishuka korongoni na gunia, Mkurugenzi akituelekeza kutoka juu. Tulipita pembeni ya muuguzi aliyelala kifudifudi na kiatu kimoja, tukalala chini ya gari, tukafungua vipande viwili vya tairodi, tukavitia guniani. Ni baada ya hapo tu tuliruhusiwa kuwafunika watu. Mkono wangu ulikuwa na damu na grisi, sikujua ipi ni ipi. Niliuosha kwa siku tatu.

Mazikoni Mkurugenzi alitoa hotuba. Alisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mama mmoja wa Gendeni alimtemea mate kiatuni. Mkurugenzi alinipa kitambaa chake, nami niliinama mbele ya makaburi manne nikakifuta kiatu.

Kwa kuwa tairodi ilikuwa imevunjika, na avunjaye kifaa cha Serikali ni mhalifu, marehemu Habibu Lugome alishtakiwa. Cheti changu kilisomwa bwaloni kuthibitisha kwamba tairodi ilikuwa nzima alipoipokea. Hakimu alikiinua kwenye mwanga, akasema hajapata kuona cheti chenye mwandiko mzuri kama huo. Marehemu alipatikana na hatia. Alistahili kifungo cha mwaka mzima, ila mahakama ilimpunguzia kikawa miezi sita, kwa kuwa lilikuwa kosa lake la kwanza. Jalada bado liko wazi, linamsubiri aripoti.

*

Jubilei ilipokwisha nilikwenda gereza la wanawake kumwona Mama Mkwizu. Nilimpelekea sukari na mche wa sabuni. Nilimkuta anashona kitambaa cha maua. Wafungwa wote wa gereza lile walikuwa wanashona vitambaa vya maua, oda ya Serikali, kwa ajili ya kufunikia mashine za viwanda vingine.

Alikuwa amekwisha kusikia. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

"Ilikatikia wapi?" aliniuliza.

"Shingoni. Chini kidogo ya kichwa."

Aliitikia kwa kichwa, akakata uzi kwa meno. "Walikuwa wangapi?"

"Wanne." Kisha nikasema, "Watano, ukimhesabu mtoto."

Alishona mshono mrefu kabla ya kusema tena. "Shehena nzima ilikuwa elfu mbili. Sasa zimebaki ngapi barabarani?"

"Elfu mbili kasoro moja," nilijibu. Mimi ni mtu wa kumbukumbu, hesabu hizo ninazo kichwani.

"Kasoro mbili," alisema Mama Mkwizu. "Moja niliikata mimi."

Askari akasema muda umekwisha. Alikuwa kijana mwungwana. Alinisindikiza hadi uani, akaniona nafunga viatu kamba, akaniambia gari la magereza linapeleka wafungwa kumi na wawili mjini, kuna nafasi mbele na dereva, kwa nini nijichoshe na jua lote hilo.

Niliwatazama wafungwa wakipanda mmoja mmoja. Nilimuuliza kama gari ni zima.

"Zima kabisa, mzee," alisema. "Lilifungwa tairodi mpya mwezi uliopita. Cheti chake kile pale."

Nakala yake ilikuwa imebandikwa kwenye kioo cha mbele. Mwandiko wa duara, unainama kidogo kulia. Niliufungua mdomo kusema neno, na askari akangoja, na dereva naye akachungulia dirishani akangoja. Nikamshukuru kijana yule kwa ukarimu wake, nikamwambia mimi hupenda kutembea, nikarudi nyumbani kwa miguu.